Sauti Sikioni: Kwa Miguu kutoka Mkunazini hadi Makunduchi

Wenzangu wa barazani, mmeniuliza mara nyingi yaliyonikuta, na kila nikianza kusimulia mnanikatiza ili nifike upesi kwenye ile habari ya harusi. Nimeamua kuandika, kwa sababu karatasi haikatizwi. Ya harusi yamo, lakini yamo mahali pake, siku ya pili, na atakayeiruka siku ya kwanza asije akaniuliza maswali.

Nyote mnajua kwamba nilikwenda kwa miguu kutoka mjini hadi Makunduchi, siku nne, nikiwa na umri wa miaka hamsini na tatu na goti moja bovu. Niliwaambia nakwenda kufanya taamuli: kutembea taratibu, kuiangalia pumzi yangu na kukaa na wakati uliopo, mambo ambayo nimekuwa nikiyasoma na kuyasikiliza kwa zaidi ya mwaka. Mlicheka. Mmoja wenu alisema kama ni pumzi, hata nyumbani ipo.

Nilichowaambia kilikuwa kweli, lakini nusu. Nusu ya pili sikumwambia mtu, hata Zuhura, mke wangu. Nilikuwa na hofu kwamba akili yangu inaondoka.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alianza kusahau akiwa na umri huu huu. Kwanza yalimpotea majina ya vitu, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka Darajani, na mwisho akawa ananiita kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa na kunitaka nimrudishie baiskeli. Nilimwogesha na kumlisha kwa miaka sita. Ninajua yanavyoanza.

Kwa hiyo nilipoanza kusahau mimi, niliandika. Nina daftari la kila kitu, na hili nililifungulia ukurasa wake. Nilisahau kufunga mtungi wa gesi karakanani kwangu Mwanakwerekwe. Nilimuuliza mteja friji lake lina tatizo gani, akanieleza, na baada ya dakika tano nikamuuliza tena. Nilikwenda kununua samaki nikarudi na bizari. Haya kwa mtu mwingine ni mambo ya kuchekesha, lakini fundi wa friji anayesahau anaweza kuunguza nyumba ya watu. Nikajiwekea sharti: nitatembea siku nne nikiizoeza akili yangu kutulia. Nikifika Makunduchi nikiwa bado nasahau, nitarudi nimwambie Zuhura, nifunge karakana, na niende hospitali kusikia kile ambacho baba alikisikia.

Siku ya kwanza: Mkunazini hadi Tunguu

Niliondoka baada ya sala ya alfajiri, na mkoba, chupa ya maji, daftari, na simu iliyojaa mafunzo ya taamuli. Niliyasikiliza kwa hedifoni ya sikio moja, la kulia. Ni sauti ya bwana mmoja wa nchi za mbali, mpole sana, ambaye kila baada ya muda husema, "Rudi kwenye pumzi yako." Kanuni zangu zilikuwa tatu. Nisiharakishe. Nihesabu hatua nne kwa kila pumzi. Nisizungumze.

Kanuni ya tatu ilidumu mpaka Mwanakwerekwe. Nilikuwa nimesahau, na hili pia niliandika, kwamba njia yangu inapita mbele ya karakana yangu mwenyewe. Bi Asha anayeuza tungule na vitunguu mkabala na mlango wangu aliniona na mkoba mgongoni.

"Fundi Khamis! Leo wapita kama hutujui?"

Nikanyanyua mkono.

"Assalamu alaykum, fundi!"

Salamu hiyo ni wajibu kuijibu, hakuna taamuli inayoiondoa. Nikajibu.

"Za nyumbani? Bi Zuhura hajambo? Waenda wapi na mzigo huo?"

Nikaonyesha kwa kidole upande wa mashariki, nikaweka mkono kifuani, nikaendelea. Nyuma yangu nilimsikia akimuuliza jirani yake, "Ana nini huyu? Kang'olewa meno?"

Nikasimama kivulini nikairekebisha kanuni: salamu zitajibiwa, maneno hayataongezwa. Mtu asiyepita Fuoni kwa miguu hawezi kujua jinsi kanuni hiyo ilivyo ngumu. Watu wa kule hawaachi salamu katikati. Wanataka za asubuhi, za kazi, za watoto, za mjini, za tokea siku nyingi, na nyingine za mtu ambaye hamjawahi kuonana. Niliitika "nzuri" kwa zote bila ya kusita hatua, na niliona nimefanya vizuri.

Adhuhuri niliingia msikiti wa Fuoni. Nilivua viatu na hedifoni mlangoni. Jamaa walikuwa wameshamaliza, nikasali peke yangu, na nilipokuwa nimesimama sikujua ni rakaa ya tatu au ya nne. Nikachukua iliyo ndogo, nikaongeza moja, na mwisho nikasujudu sijda mbili za kusahau. Sheria imempangia njia mtu wa namna hii, na siku zote nimeshukuru kwamba ipo. Lakini kwa miaka kumi iliyopita sikuwa nimezihitaji hata mara moja. Nikaandika.

Tunguu nilifika alasiri, nikalala kwa mteja wangu wa zamani, aliyenipa ndizi za kupika na nazi na kunionyesha friji lake kabla hajanionyesha godoro.

Siku ya pili: Tunguu hadi Pete

Sasa tumefika.

Asubuhi ile nilitembea vizuri mno. Hatua nne, pumzi moja. Goti lilitulia. Bwana wa sikioni alikuwa akieleza jinsi ya kuyaacha mawazo yapite kama magari barabarani, na magari nayo yalikuwa yakipita. Baada ya muda sikuona tena barabara. Nilijiambia, haya ndiyo mafanikio.

Karibu na Pete niliona nyumba kando ya njia, na mbele yake mikeka imetandikwa. Wanaume wamekaa, kanzu na kofia, vichwa vimeinama. Mtu mmoja anasoma. Viatu vimepangwa pembezoni. Kwetu hapiti mtu mbele ya matanga kama anapita mbele ya duka. Hata kama humjui marehemu, unaingia, unakaa, unaitikia dua, unawapa pole wafiwa, unaondoka. Mguu wangu uliacha njia wenyewe. Nikavua viatu, nikakaa pembeni ya mkeka, nikainamisha kichwa. Hedifoni sikuivua. Waliponyanyua mikono nikanyanyua, waliposema "Amin" nikasema.

Dua ilipokwisha nilinyanyuka, nikaenda kwa mtu mzima aliyekaa mbele, ambaye kila mtu alikuwa amemgeukia. Nikamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mungu akupeni subira," nikamwambia. "Ndiyo njia yetu sote."

Akanitazama. "Subira ya nini?"

"Ya msiba huu."

"Msiba gani, bwana wee? Mie nnaoza mtoto hapa!"

Kisha sauti ikatoka nyuma ya mkeka: "Mwacheni, labda anamjua bwana harusi!"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Nikageuka, na hapo ndipo nilipomwona bwana harusi. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimekaa mimi, amevaa joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu na kilemba, na shingoni ana koja la asumini. Harufu ya udi ilikuwa imetanda uwanja mzima. Sinia za halua zilikuwa mbele yangu, na nilikuwa nimeziruka ili nipite. Nilichodhani ni mtu anasoma khitima kilikuwa ni shehe anayehutubia ndoa. Na sikioni mwangu yule bwana mpole alikuwa akisema, "Tambua kinachotokea hivi sasa."

Baba wa bibi harusi, jina lake Vuai, hakucheka. Ndani ya nyumba hawakucheka kabisa. Dirisha lilifunguka, na sauti ya mwanamke ikaja.

"Nani kamletea mwanangu mkosi siku ya ndoa yake? Nileteeni hapa!"

"Nenda, bwana," Vuai akaniambia kwa sauti ya chini. "Huyo dada yangu. Hata mie namwogopa."

Nikaenda dirishani. Sikumwona uso, niliona ukingo wa kanga na vidole vyenye hina.

"Umetoka wapi weye?"

"Mjini, bibi."

"Mjini watu hawaoi?"

"Wanaoa."

"Macho unayo?"

"Ninayo."

"Basi uyarudishe hayo maneno yako. Waombee heri, kwa sauti, mpaka wasikie jikoni."

Nikawaombea masikilizano na kizazi chema.

"Jikoni hawajasikia."

Nikarudia. Vijana nyuma yangu wakawa wanaitikia kama kwenye maulidi. Mara ya tatu nilipaza sauti kiasi cha kukohoa, na vigelegele vikapanda kutoka jikoni. Mkono wenye hina ukanyooka dirishani na kipande cha halua. "Haya, kula. Sasa tumeelewana."

Vuai hakuniacha niondoke bila ya kula. Nilikaa kwenye sinia moja ya pilau na ami watatu wa bwana harusi, na kila aliyekuja kukaa walimwambia, "Mpe mkono huyu, ana pole nyingi." Bwana harusi mwenyewe alikuja akaniuliza kama nina habari zozote za mke wake anazopaswa kuzijua mapema. Pilau ilikuwa nzuri. Nilikula nikicheka pamoja nao, na nikaaga nikicheka.

Pete hadi Kitogani, siku hiyo hiyo

Hapa ndipo mnapodhani habari imekwisha. Mimi ndipo iliponianzia.

Nilipopata pembe ya njia isiyoonekana kutoka ile nyumba, nilikaa juu ya jiwe. Nikafungua daftari. Niliandika: "Leo nimekaa karibu na bwana harusi aliyevaa joho, nikadhani nipo matangani." Nikausoma mstari huo mara kadhaa. Kusahau mtungi wa gesi ni kusahau. Hili halikuwa kusahau. Hili lilikuwa kuangalia kitu kwa macho mawili na kisiwe chochote. Baba naye, mwaka wake wa pili wa ugonjwa, alikwenda sala ya Ijumaa amevaa kanzu ndani nje, akarudi akiuliza kwa nini watu wote wamevaa vibaya.

Nilitoa simu nimpigie Zuhura nimwambie yote. Jina lake lilikuwa mbele yangu kwenye kioo. Nikairudisha simu mfukoni. Nilijiambia sharti ni Makunduchi, na sharti ni sharti. Ukweli ni kwamba niliogopa kusikia atakavyonyamaza.

Nikaupita msitu wa Jozani. Watalii walikuwa wamesimama barabarani wakitazama juu, kwa hiyo nadhani kima walikuwepo. Mimi niliongeza sauti sikioni na kutazama chini.

Kitogani nililala kwa fundi mwenzangu. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na haukurudi. Asubuhi simu ilikuwa imezima.

Siku ya tatu: Kitogani hadi Jambiani

Barabara ya kwenda Paje imenyooka na haina kivuli cha maana. Nilitembea tu. Sikuhesabu kitu, kwa sababu sikuwa tena na imani na hesabu. Paje nilikula chapati na maharage kwa mama mmoja aliyenitoza bei ya mgeni mpaka aliponisikia nikizungumza. Alasiri niliingia Jambiani kwa njia ya pwani.

Kulikuwa na kundi la wanawake wamekaa mchangani juu ya magunia, wanafunga vichipukizi vya mwani kwenye kamba ndefu ili wakaviweke baharini maji yakitoka. Nikatoa salamu. Mmoja wao, mwenye umri kama wangu, amejifunga kanga kiunoni na kuvaa kofia ya majani juu ya mtandio, aliitika na kunitazama mkoba, kisha viatu.

"Karibu, Bwana Rambirambi," akasema.

Wenzake wakaanguka juu ya magunia kwa kicheko. Nikauliza amejuaje.

"Yule bibi harusi ni mtoto wa shemeji yangu. Mie sikwenda, mwani huu una bamvua lake, maji hayakai nje siku ukitakayo weye. Lakini simu zimelia hapa tangu jana. Wamesema mtu mrefu, viatu vimejaa vumbi, ana mkoba kama wa shule. Kaa basi. Mikono yako haina kazi."

Jina lake Bi Mize. Alinipa kamba, akanionyesha: unashika kichipukizi, unakizungushia kikamba, si kwa nguvu kikakatika, si kwa ulegevu kikachukuliwa na maji. Vya kwanza vitano alivifungua vyote akanirudishia. Baada ya hapo alianza kuzungumza, na alizungumza kama wanavyofanya watu wenye kazi ya mikono, bila ya kuninyanyulia macho: bei ya mwani, wanawe mmoja mmoja, mume wake Pandu aliyekwenda kuezeka banda, ugomvi na jirani juu ya kigingi. Ilikuwa lazima nimsikilize, maana katikati ya habari aliweza kusema "legeza hiyo" bila ya kubadilisha sauti.

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa ameshanicheka, na mtu aliyekwisha kukucheka hana kibaya zaidi cha kukufanyia. Wenzake walikuwa wamekwenda kuchota maji. Nilimwambia kwamba lile la harusi halikuwa la kuchekesha, kwamba baba yangu alianza hivi, na kwamba naona zamu yangu imefika.

Akafunga kichipukizi. "Na hicho sikioni chakwambia nini?"

Nikapeleka mkono. Hedifoni ilikuwa sikioni.

"Hakisemi kitu," nikasema. "Simu imezima tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Na umekivaa tangu asubuhi?"

Nikakigusa tena.

"Loh!" Bi Mize akaweka kamba chini. Alicheka hata akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na kikisema, chasema nini?"

"Chaniambia niwepo. Nilipo, niwepo."

"Kwa kukutoa ulipo?" Akaniangalia sasa, na hakuwa akicheka. "Hebu nambie. Wavaa saa ngapi kwa siku?"

Nilihesabu. Njiani kwenda kazini. Karakanani. Njiani kurudi. Nyumbani, wakati wa chakula, sikio moja, ili nisikose adabu.

"Siku nzima," nikasema.

"Baba yako alivaa?"

"Hapana. Wakati wake hakukuwa na vitu hivi."

"Basi yeye aliugua. Weye hujajua kama waumwa. Kivue kwanza, halafu ndiyo ujipime."

Nikakivua, nikakitia ndani ya mkoba.

Pandu aliporudi alikataa katakata nilale kwingine. Baada ya magharibi tulikula wali na mchuzi wa changu, na Bi Mize akamhadithia mumewe yote, hata niliyomwambia kwa siri. Nilitaka mkeka unimeze. Pandu, mtu wa maneno machache, alikuwa akimtoa samaki miiba.

"Si jambo la kubahatisha hilo," akasema. "Mjaribu."

"Haya, fundi," Bi Mize akasema. "Nimekutajia wanangu leo, mara moja tu. Wataje."

Niliweka mikono magotini kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu. Nikaanza. Mwanajuma, ameolewa Muyuni. Haji, yuko jeshini. Makame, anayesoma mjini na kupenda mpira kuliko kitabu. Nikasita. Hapana, kabla ya Makame yuko Kazija, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka miwili, siku ya mvua, barabara ikiwa imekatika. Kisha Makame. Kisha Tatu. Kisha Ame, kitinda mimba, ambaye asubuhi ile alikuwa amevunja kikombe na kumsingizia paka.

Pandu alikuwa ameacha kula.

"Kazija," Bi Mize akasema baadaye, "watu humruka. Hata ndugu zangu." Akaniongezea wali bila ya kuniuliza. "Huumwi weye."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuondoka, nilikaa barazani kwao na daftari. Ukurasa wa kusahau ulikuwa na mistari arobaini na moja. Mbele ya kila mstari nilijiuliza jambo moja: wakati ule, sikio lilikuwa wazi au limezibwa? Mtungi wa gesi: limezibwa. Mteja: limezibwa. Samaki na bizari: limezibwa, nakumbuka hata somo, lilikuwa juu ya kula kwa utulivu. Nikaendelea hivyo hadi chini. Thelathini na tisa. Mambo hayo sikuyasahau. Ili usahau, kitu lazima kwanza kiingie, na mimi sikuwepo mlangoni.

Ya arobaini ni ile sala ya Fuoni. Hedifoni niliivua mlangoni mwa msikiti, lakini nakiri kwamba yule bwana niliingia naye. Ya arobaini na moja sikuweza kuieleza, na mpaka leo siwezi. Siku moja, nyumbani, sikio wazi, nilimwita binti yangu kwa jina la dada yangu marehemu, na yeye akaniambia, "Baba, ni mimi."

Thelathini na tisa kati ya arobaini na moja. Nilikaa pale nikavuta pumzi, na sikuihesabu.

Siku ya nne: Jambiani hadi Makunduchi

Masafa haya ndiyo mafupi kuliko yote, nami niliyatembea kwa muda mrefu kuliko yote, kwa sababu ya salamu. Mtu akiniuliza za watoto, nilisimama nikafikiri juu ya watoto, nikamwambia. Naye akaniambia za wake. Fundi wa baiskeli alinieleza ugonjwa wa mgongo. Bibi mmoja mwenye kuni kichwani alinisalimia kwa Kimakunduchi, nikamwomba arudie taratibu, akaona raha, akanirudishia mara tatu huku mzigo uko kichwani, mpaka nikaona aibu nikamwambia atue. Mzee mmoja alidhani nagombea uongozi.

Makunduchi nilifika alasiri imeshaingia, badala ya asubuhi. Nilisali rakaa nne, nikazijua zote nne. Nikanunua pweza wa kuchoma na muhogo, nikala nimekaa ukingoni mwa barabara, ulikuwa na chumvi nyingi upande mmoja. Kisha nikapanda gari nikarudi mjini, safari ya siku nne kwa muda usiofika saa mbili.

Mkunazini

Zuhura alikuwa akichambua mchele. Nilikaa mbele yake, nikatoa hedifoni mkobani, nikaiweka juu ya ungo, nikamwambia yote tangu mwanzo: baba, daftari, sharti, harusi, Bi Mize, arobaini na moja. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kunitazama, mkono umo ndani ya mchele.

"Umeshamaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna jingine?"

"Hakuna."

Akavuta pumzi ndefu, akaegemea ukuta. "Alhamdulillahi. Mie nilidhani waoa."

"Nani?"

"Weye! Mwaka mzima nasema na ukuta. Una kitu sikioni, wacheka peke yako, nikikuuliza waniambia 'nzuri'. Halafu wanambia waenda Makunduchi kwa miguu kutafuta utulivu. Utulivu! Nimekaa siku nne hapa namtafutia jina huyo mwanamke." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye vumbi la mchele. "Khamis, ungenambia. Baba yako nilimfulia nguo mie."

Nilimwomba radhi. Alisema hospitali tutakwenda tu, tena pamoja, kwa ajili ya ule mstari mmoja uliobaki.

Tulikwenda. Daktari, binti mdogo, mpole, alinitajia maneno nikayarudisha, akanichorisha saa, akanifanya nihesabu kurudi nyuma, akapima damu. Akasema haoni ugonjwa wa baba. Juu ya lile jina la dada yangu alisema watu wengi huita hivyo wanapokuwa na huzuni, na kwamba nirudi baada ya mwaka ili tusikisie. Nimeliandika. Hofu haijaisha kabisa, lakini hii iliyobaki inatosha kuwekwa mfukoni.

Tulipotoka tulishuka Forodhani, wauza urojo wakiwa bado wanapanga meza. Zuhura aliketi kwenye benchi, akapiga mkono nafasi iliyo kando yake.

"Sasa zamu yangu," akasema. "Mwaka mzima nimekwambia mambo, hukuwepo. Sitayaacha. Nitakwambia yote upya, mwezi kwa mwezi, na usiandike."

Alianza na Mfunguo Mosi, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, siku ya pili ya Idi, na jambo ambalo mama yake alimwambia jikoni. Lilikuwa jambo zito, na sikuwa nalijua. Kila siku alasiri tunakwenda, anasema, nasikiliza, na kuna siku napaswa kuomba radhi kabla hajaendelea. Ndiyo maana siku hizi hamnioni barazani kabla ya magharibi. Tumefika Mfunguo Sita.